Si Sauti Yako, Ni Uzito Wako

Kila msimu wa baridi ninapofundisha usalama wa milimani hapa Colorado, hakosi mwanafunzi wa kuanza kunong'ona tukifika chini ya mteremko mkali. Ameambiwa kelele huangusha theluji, yaani huleta maporomoko yanayofukia watu. Kisha huyohuyo, kwa sauti ya chini, anauliza kama anaweza kuukatiza mteremko huo katikati. Hapo ndipo uvumilivu unaponiishia.

Kelele haziangushi theluji. Ukelele wa mtu husukuma hewa kwa paskali chache tu. Mtu aliyevaa skii, zile mbao ndefu za kutelezea, huibana theluji mara mia na zaidi ya hapo. Baruti inayotumika kusafisha miteremko juu ya barabara ni jambo jingine kabisa. Katika takriban ajali tisa kati ya kumi zinazoua, aliyeangusha theluji ni marehemu mwenyewe au mtu wa msafara wake.

Sababu ya theluji kuporomoka iko chini kabisa, karibu na udongo. Mwanzo wa msimu theluji ya huku huwa haba, usiku una baridi kali, ilhali ardhi inabaki karibu na nyuzi joto 0. Tofauti hiyo ndani ya tabaka jembamba hupandisha mvuke, na chembe za theluji hugeuka kubwa, zenye kona, zisizoshikana. Chimba hadi kwenye udongo, uchote ya chini kwa glavu: inamwagika kati ya vidole kama sukari. Juu yake dhoruba na upepo hujenga bamba gumu. Ukilikanyaga, tabaka la chini huvunjika, ufa hukimbia mteremko mzima, na bamba huondoka nawe. Sauti ya kuogopa ni ule mvumo mzito unaotokea chini ya miguu, kwa sababu tabaka dhaifu limeshavunjika. Ukiusikia, rudi, hata kama kilele kiko karibu.

Tena pimeni mteremko! Mabamba huondoka zaidi kwenye mwinuko wa nyuzi 30 hadi 45, na macho hayawezi kukisia. Kipimo chake kinaenea mfukoni.

Kisha wanafunzi huniletea hoja zao. "Kuna alama za waliotangulia." Wao hawakukanyaga pale bamba lilipo jembamba, pengine kando ya mwamba. Wewe unaweza kupakanyaga.

"Leo utabiri wa maporomoko unasema hatari ni ngazi ya 3 kati ya 5, ni wastani." Ngazi hiyo ndiyo inayoongoza kwa vifo. Ikifika ya 5, wengi hubaki nyumbani.

"Ukifukiwa, tema mate ujue juu ni wapi, kisha uchimbe." Theluji ikisimama hukaza, hata kidole hakisogei.

"Nina bikoni." Bikoni, kile kifaa cha mwilini kinachotuma ishara ya redio, haizuii chochote. Inawasaidia wenzako kukupata, nao wawe na fito za kuchokolea, koleo na mazoezi, kwa kuwa baada ya dakika 10 hivi nafasi ya kupona hushuka kwa kasi. Na wawe hawakufukiwa pamoja nawe: piteni mmoja mmoja, wengine wakisubiri nje ya njia ya maporomoko.