Pink Floyd haikuanza mwaka 1973
Wengi hudhani kwamba The Dark Side of the Moon ya mwaka 1973 ndiyo albamu ya kwanza ya Pink Floyd, kundi la muziki wa roki la Uingereza, ilhali ni ya nane kati ya zile za studio. Ya kwanza, The Piper at the Gates of Dawn, ilitoka Agosti 1967, na nyimbo zake nyingi zilitungwa na Syd Barrett, ambaye katika albamu iliyofuata, iliyotoka baada ya yeye kuondoka kundini, alisaliwa na utunzi mmoja tu. Wala kundi hilo halikuwa geni masikioni mwa watu kabla ya 1973: Atom Heart Mother, ambayo jalada lake la mbele lina ng'ombe malishoni pasipo jina la kundi, ilishika namba moja Uingereza mwaka 1970, nafasi ambayo The Dark Side of the Moon, iliyo mashuhuri zaidi, haikuifikia nchini humo ilipotoka.