Anakoroma usiku kucha, na presha haishuki

Mume wangu anameza dawa tatu za presha, hakosi hata siku moja, lakini kila akipimwa ni 160 kwa 100. Usiku anakoroma hadi watoto wanasikia chumba cha pili. Kuna uhusiano?

Huenda upo, tena mkubwa. Mtu akikoroma tunasema amelala usingizi wa pono. Lakini hebu msikilize vizuri leo usiku. Anakoroma, anakoroma, mara kimya. Kifua na tumbo vinahangaika lakini hewa haipiti. Utahesabu mpaka kumi na zaidi, kisha anashtuka kama aliyeibuka majini, anaanza upya. Huko ndiko kukatika pumzi usingizini, madaktari wanakuita apnea. Ni jambo la kawaida mno kwa watu ambao presha yao imegoma kushuka kwa dawa tatu.

Koo ndilo linaloziba. Presha inaingiaje hapo?

Tukilala, misuli ya koo hulegea. Kwa mwenye shingo nene au njia nyembamba ya hewa, ulimi na nyama laini za kooni huiziba kabisa. Oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unapiga mbiu: adrenalini, homoni ya kuushtua mwili, inamwagika, mishipa inabana, presha inaruka. Anavuta pumzi, anasinzia, koo linaziba tena. Ikifika mara 30 kwa saa, hali ni kali. Kwa usiku wa saa saba hizo ni mara 210!

Kwa kawaida presha hushuka asilimia 10 hadi 20 mtu akilala. Mumeo hapati nafuu hiyo. Na mbiu ile haizimiki kunapokucha, ndiyo maana hata kliniki mchana bado anasoma juu.

Dalili nyingine?

Kichwa kuuma asubuhi, kinywa kukauka, kuamka kukojoa mara kwa mara, kusinzia mchana. Akiwa dereva, hilo la mwisho lisisubiri. Wanawake wengi hawakoromi sana. Wao hulalamikia uchovu na usingizi wa mang'amung'amu, basi wanaambiwa ni mawazo tu.

Akitibiwa ataacha vidonge?

Hapana, asiache. Tiba kuu ni CPAP, mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa ili koo lisizibe. Daktari Colin Sullivan na wenzake waliieleza mwaka 1981 kule Sydney, Australia. Usingizi hubadilika sana, ila presha kwa wastani hushuka pointi mbili tatu tu, ingawa wenye presha sugu hupata zaidi. Bei yake si ya mchezo, na inataka umeme. Kupunguza uzito, kulala ubavu na kuacha pombe jioni vinasaidia pia. Dawa za usingizi asiguse bila daktari kujua.

Nikimwambia anakoroma, anakataa.

Lazima akatae, hajawahi kujisikia! Mrekodi kwa simu dakika tano, hasa pale kimya kinapoingia, mwende nayo kliniki.