Baba anaijua njia, lakini bado anaweza kuendesha? Maswali na majibu

Nahudumu kliniki ya wazee. Familia nyingi humleta mzee gari likishaingia mtaroni, na maswali yao ni yale yale.

Swali: Kuendesha gari kunahitaji nini kichwani?
Jibu: Umakini, kukadiria mwendo na umbali, kumbukumbu, na wepesi wa kuamua. Kwa kilomita 60 kwa saa gari hukata karibu mita 17 kila sekunde. Mzee akichelewa sekunde moja kukanyaga breki, zebra ameshaipita.

Swali: Kwa hiyo ukizeeka uache?
Jibu: Hapana. Umri si ugonjwa. Wazee wengi hujipunguzia wenyewe: usiku hawatoki, mvua wanaisubiri ipite. Hatari ni dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na maamuzi, kwa sababu mara nyingi mwenyewe haoni kwamba amepungukiwa. Anayejiona mzima hapunguzi kitu.

Swali: Baba ana miaka 40 kwenye usukani na njia zote anazijua. Hiyo haimlindi?
Jibu: Haimlindi. Kujua njia ni kumbukumbu ya zamani, na ya zamani ndiyo huchelewa kupotea. Bodaboda inayochomoka leo haimo humo, wala mtoto anayekimbilia mpira. Mzee mmoja, dereva wa lori mstaafu, alinitajia vituo vya mizani vya kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma kama anasoma. Nikampa karatasi achore uso wa saa. Namba zote 12 akazibana upande wa kulia, mishale hakuweka kabisa. Mwanawe akacheka. Nikawasindikiza hadi nje: saitimira ya kushoto imefungwa kwa selotepu, ubavu wote wa kushoto umekwanguka, upande ule ule alioacha wazi kwenye saa. Kijana akanyamaza.

Swali: Lakini anaenda msikitini tu, kilomita mbili.
Jibu: Nimeshajibu. Watoto wa shule wanavuka ndani ya hizo hizo kilomita mbili.

Swali: Dalili zipi zituamshe?
Jibu: Kukwangua geti la kwake mwenyewe. Kukanyaga mafuta akitaka breki. Kukunja kulia mbele ya gari linalokuja, kosa ambalo kwetu tunaoendesha kushoto huua. Kupotea njia ya kila siku. Na msikilizeni mama: akianza kusema "mimi siku hizi napanda daladala", kipimo ameshakifanya na majibu ameshatoa.

Swali: Mjukuu akikaa pembeni akamwelekeza?
Jibu: Tafadhali acheni hilo. Mjukuu hana breki upande wake. Dereva anayehitaji kuambiwa "babu, taa nyekundu" si dereva, hata kama anaijua njia.

Swali: Si uzee tu? Kuna haja ya hospitali?
Jibu: Ipo, na mapema. "Ni uzee tu" ndiyo sentensi inayonichosha kuliko zote. Kuna usahaulifu unaotokana na dawa za usingizi, au dawa za mafua zinazolevya ambazo mzee anajinunulia dukani. Kuna sukari inayoshuka, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, sonona. Hivi vina matibabu. Mtoto wa jicho naye huondolewa. Mkikaa miaka miwili mkisema ni uzee, ni miaka miwili ya matibabu mmemnyima.
Na kama amechanganyikiwa ghafla, mdomo umepinda au mkono umelegea, hicho huenda ni kiharusi. Hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Kuchua na mafuta kwanza hapana. Wala asijiendeshe mwenyewe kuja, na wapo waliojaribu.

Swali: Akikataa kutoa ufunguo?
Jibu: Msimpokonye mbele ya wajukuu. Mleteni kwanza, tumpime, tumweleze sisi. Wengi humkubalia daktari neno walilomkatalia mtoto. Kabla ya hapo mpangieni usafiri: dereva wa bajaji anayemfahamu, zamu za Ijumaa na za kliniki. Mzee aliyeachwa ndani bila usafiri ataurudia ufunguo tu. Mkija, mje na dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile alizopewa na jirani.