Feni haili joto

"Chukua yenye feni tatu, hiyo haitoi joto." Sentensi hii inazunguka kila mahali panapouzwa kadi za grafiki, na inawapotezea watu pesa. Kadi inayokula wati 185, kama RX 580, inamwaga wati 185 za joto, iwe na feni moja au tatu. Umeme ulioingia hauna pengine pa kwenda. Mapezi ya alumini na feni vinalitoa joto kwenye chipu na kulimwaga ndani ya kasha, kasha linalitema chumbani, na chumbani umekaa wewe.

Kiswahili kina maneno mawili hapa: joto na halijoto. Halijoto ni zile nyuzi unazosoma kwenye programu. Joto ni wati. Feni kubwa zinashusha nyuzi za chipu, wati hazizigusi. Kadi ya nyuzi 62 inayokula wati 185 inapasha chumba zaidi ya mara mbili na nusu ya kadi ya nyuzi 78 inayokula wati 70.

Halafu zile nyuzi zenyewe. Majaribio mengi ya kadi mnayotazama kwenye video yamefanywa kwenye vyumba vya nyuzi 21 hivi. Kipoza hakina nyuzi zake, kina tofauti juu ya hewa inayoingia. Kadi iliyosomeka 66 kule ina tofauti ya 45. Ilete Dar es Salaam mchana wa Februari: chumba nyuzi 32, na ndani ya kasha lenye feni moja tu ya kutolea hewa imefika 40. Jumlisha: 85. Kadi nyingi za GTX za Nvidia zimeshaanza kupunguza kasi hapo, maana kikomo chao cha kiwandani ni karibu 83. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa sababu feni nazo huongeza mzunguko kadiri chipu inavyopanda, lakini iko karibu na ukweli kuliko namba ya kwenye video.

Kwa hiyo anza na wati. GTX 1650 ni 75, RX 6400 ni 53, RTX 3050 yenye memori ya GB 6 ni 70. Usiichanganye na RTX 3050 ya GB 8, inayokula 130: jina moja, kadi mbili. Ya GB 6 ndiyo ninayoipendekeza. Matoleo mengi hayataki waya wa ziada, na yapo mafupi yanayoingia kwenye zile mashine nyembamba za ofisini zenye pawa saplai ya wati 240. RX 6400 ina njia 4 tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na mazabodi), hivyo kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0 inakwama GB 4 za memori yake zikijaa. Pia haina chipu ya kurekodi gemu, kazi hiyo inaangukia prosesa.

Sloti ya mazabodi inayochomekwa kadi inatoa wati 75, na za volti 12 ni 66 tu. Waya wa pini 6 kutoka pawa saplai unaongeza 75, wa pini 8 unaongeza 150. Sasa ile adapta ya SATA kwenda pini 6: plagi ya SATA (ile ya umeme wa diski) ina pini 3 za volti 12, kila moja ampea 1.5, jumla wati 54. Kadi inaruhusiwa kudai 75. Plagi inaweza kuyeyuka. Msiitumie, hata mkipewa bure.

Kama tayari unayo kadi kubwa, shusha volteji. Nguvu hufuata mraba wa volteji: punguza asilimia 10 kwa kasi ileile, unaokoa karibu moja ya tano ya nguvu ya chipu. Shuka milivolti 25 kila hatua, cheza gemu nzito nusu saa, mashine ikizima rudi hatua mbili. Hakuna jaribio linalothibitisha kwamba umemaliza; mpangilio uliovumilia siku nzima huweza kuanguka wiki ya tatu kwenye gemu nyingine. Kama skrini ni ya hezi 60, funga gemu kwenye fremu 60 kwa sekunde. Mara nyingi hilo linaokoa zaidi ya volteji.

Wati za kwenye programu zisikudanganye: RX 580 inaonyesha za chipu, si za kadi nzima. Kipimo cha kwenye soketi ni bora, ila kinajumlisha mashine yote na upotevu wa pawa saplai.

Kati ya RX 580 na RTX 3050 ya GB 6 kuna wati 115. Ukicheza saa 5 kwa siku, ni uniti 17 za LUKU kwa mwezi. Ziweke kwenye hesabu kabla ya kusema ile 580 ya mtumba ni rahisi.