Waza, ila kwa saa yake

Ukiwa na mawazo, wa kwanza kukushauri atakuambia "usiwaze sana." Nia yake njema, lakini kichwa hakisikii amri hiyo: lile unalolikataza ndilo linalokuamsha saa nane usiku. Mimi ni mshauri nasaha hapa Mwanza, na wanaokuja kwangu nawaambia kinyume chake. Waza, ila kwa saa yake.

Mbinu yenyewe si yangu. Mwaka 1983 Thomas Borkovec, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake walichapisha njia ya kutenga nusu saa kila siku, wakati uleule na mahali palepale, kwa ajili ya wasiwasi tu. Wazo likikujia asubuhi ukiwa kazini, unalitambua, unaliahirisha hadi jioni, unaendelea na shughuli. Saa ikifika unakaa nalo. Ila usikae kitandani. Kitanda kikishazoea vikao vya madeni, usingizi utakihama.

Kwenye nusu saa hiyo ndipo penye kazi. Tuseme ni mama muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba (namtunga tu, siri za wateja hazitoki). Anaandika: mvua itakuta dagaa wameanikwa, rejesho la Ijumaa, bei itashuka, mtoto atafeli. Kila mstari anauuliza: kuna ninachoweza kufanya wiki hii? Mvua inataka turubai na kijana wa kusaidia kufunika. Rejesho linataka simu kwa mwenyekiti wa kikundi, na apige leo, asisubiri Ijumaa mchana aanze kuzima simu. Bei haipangi yeye, kwa hiyo anaiandika na kuiacha hapohapo. Mtihani ni wa mtoto. Mama anaweza kumpunguzia vyombo vya jioni ili asome, basi.

Lipo na lingine, ambalo watu wa ziwani wanalijua kunizidi. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa kama kwenye giza, mitumbwi inapumzika siku kadhaa na hela inakata. Ni kila mwezi, hakuna mwaka lilipoacha kutokea, na bado hofu yake hupokelewa kama msiba mpya. Huwa nashauri siku hizo zizungushiwe duara kwenye kalenda ya ukutani, na akiba ianze kuwekwa dagaa wakiwa bado wengi. Sehemu kubwa ya wasiwasi ule hugeuka hesabu za matumizi.

Wengine hupenda takwimu. Katika utafiti wa LaFreniere na Newman wa 2020, huko Marekani, watu 29 wenye wasiwasi uliopitiliza waliandika walichokihofia, kisha wakafuatilia: takriban asilimia 91 ya hofu zao hazikutimia. Naitaja kwa tahadhari. Watu 29 ni wachache, na aliyebanwa na mkopo wa kausha damu ukimwambia "mengi hayatokei" unamkera bure. Huyo anataka mpango wa deni.

Daftari nalo lina mwisho wake. Ikiwa wasiwasi umekaa karibu kila siku kwa miezi 6, mabega yamekaza, usingizi umekata, na hata siku isiyo na shida unatafuta ya kuhofia, nenda hospitali umweleze daktari hivyohivyo bila kupunguza. Ukianza kufikiria kujidhuru, usihesabu miezi wala usingoje jioni. Nenda sasa hivi, na uende na mtu.