Serotonini katika Gamba la Mbele la Ubongo: Dhana Potofu na Ukweli

Mjini Bukavu, ambako kituo cha SOSAME kinawahudumia wagonjwa wa akili, serotonini, kemikali inayopeleka ishara kati ya seli za neva, hutajwa mara nyingi kana kwamba ni kitu kimoja chenye kazi moja. Dhana nyingi potofu kuihusu hutokana na kusahau vipokezi, yaani protini zilizo kwenye utando wa seli ya neva, ambazo huipokea serotonini na kuamua seli hiyo ifanye nini.

Dhana: Anayekula ndizi nyingi huongeza serotonini ya ubongo.

Ndizi ina serotonini kweli, lakini serotonini ya chakula haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Hata ile inayotengenezwa na utumbo, ambayo ni takriban asilimia 90 ya serotonini yote ya mwili, haifiki huko. Ubongo hujitengenezea yake kutokana na triptofani, kijenzi cha protini tunachokipata kwenye chakula, ndani ya seli chache za viini vya rafe katika shina la ubongo, ambazo nyuzi zake husambaa karibu kila pembe, gamba la mbele likiwemo. Mkungu mzima wa ndizi hautaubadilisha mpango huo.

Dhana: Serotonini hutuliza seli za ubongo, na ndiyo maana huleta furaha.

Hili ndilo kosa kubwa zaidi, na ndilo linalostahili kuelezwa kwa kirefu. Mvua ileile inayonywesha mashamba ya Kabare ndiyo inayoporomosha udongo kwenye miteremko ya Kadutu; serotonini nayo hutenda kulingana na mahali inapoangukia. Vipokezi vyake vinavyojulikana ni vya aina 14, vilivyogawanywa katika familia 7, na katika gamba la mbele, sehemu inayotuwezesha kupanga, kushika jambo akilini kwa muda mfupi na kujizuia, aina chache kati ya hizo ndizo zenye uzito mkubwa.

Kipokezi cha 1A kikiguswa, milango ya potasiamu hufunguka, chaji chanya hutoka nje ya seli, na seli hupunguza kurusha ishara. Kipokezi cha 2A hufanya kinyume: huamsha vimeng'enya ndani ya seli, kalisiamu iliyohifadhiwa humo huachiliwa, baadhi ya njia za potasiamu hubanwa, na seli huwa nyepesi kusisimka; katika seli za piramidi (seli kuu za gamba, zenye umbo la piramidi) za tabaka la tano, huongeza pia ishara zinazoingia za glutamati, kemikali inayosisimua seli. Linaloshangaza zaidi ni kwamba seli nyingi za piramidi hubeba vipokezi vyote viwili kwa pamoja. Ndiyo maana wanasayansi wanapochochea viini vya rafe vya panya kwa umeme, baadhi ya seli za gamba la mbele hunyamaza, baadhi husisimka, na nyingine hunyamaza kwanza kisha zikasisimka.

Kipokezi cha 3 kinasimama peke yake, kwa kuwa chenyewe ni mlango wa ioni, hivyo hufanya kazi kwa haraka kuliko vingine. Katika gamba la mbele hupatikana hasa kwenye seli ndogo zinazotoa gaba, kemikali inayozuia seli jirani. Hapo serotonini hunyamazisha kwa njia ya kusisimua.

Dhana: Dawa ya sonona isiyoleta nafuu kwa siku tatu ni bandia.

Dawa bandia zipo, na mnunuzi wa farmasi ana haki ya kuwa mwangalifu, lakini siku tatu hazithibitishi lolote. Fluoksetini, mojawapo ya dawa za sonona, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, huzuia protini inayoirudisha serotonini ndani ya seli iliyoitoa, na kazi hiyo huanza ndani ya saa chache. Tatizo ni kwamba seli za rafe zenyewe zina vipokezi vya 1A, ambavyo vikihisi serotonini imezidi huzipunguzia seli hizo kasi. Inachukua wiki kadhaa vipokezi hivyo kulegea, na hapo ndipo serotonini inayofika gamba la mbele hupanda vizuri zaidi. Hayo si maelezo yote ya ucheleweshaji, kwa kuwa miunganiko ya seli nayo hubadilika polepole, lakini ni sehemu yake muhimu.

Wala nafuu hiyo haithibitishi kwamba mgonjwa alikuwa na upungufu wa serotonini. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 hayakupata ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu huo. Kipimo cha serotonini katika damu nacho hakiwezi kumwonyesha daktari hali ya gamba la mbele, kwa sababu karibu yote inayopimwa humo ilitoka utumboni.