"Si ipo kwenye kompyuta?" Dhana potofu kuhusu programu za kutunza mahesabu

Natunza mahesabu ya wafanyabiashara wadogo hapa Dar es Salaam, na mwezi huu nimeyasikia kwa mara ya tatu maneno yaleyale: "Nilifuta kwenye simu tu, si ipo kwenye kompyuta?" Haipo. Safari hii alikuwa dada mwenye duka la vipodozi. Simu ilimwambia nafasi imejaa, akaingia kwenye programu yake ya mapato na matumizi, akafuta miamala ya miezi minane akiamini kompyuta ya dukani imebaki nayo. Jioni akawasha kompyuta, ikashika intaneti, na miezi minane ikatoweka mbele ya macho yake.

Naanza na hili maana ndilo linaloniuma zaidi. Kazi ya kusawazisha ni kuhakikisha vifaa vyako vyote vinasema kitu kimoja. Ukiandika muamala kwenye simu, badiliko linakwenda kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni ya programu hiyo, na kompyuta yako inalichukua huko. Kufuta nako ni badiliko, na linapita njia hiyohiyo. Programu haina namna ya kujua kama umefuta kwa makusudi au mtoto alikuwa anachezea simu. Kwa hiyo programu inavyosawazisha vizuri zaidi ndivyo kosa lako linavyofika haraka kila mahali.

Bakapu ni kitu kingine kabisa. Ni faili lililowekwa pembeni, lenye tarehe yake, lisilobadilika hata ukivuruga programu nzima. Na msiniambie "lakini data zangu ziko kwenye wingu", yaani zimehifadhiwa mtandaoni. Hata Google Drive, faili ulilofuta linakaa kwenye tupio siku 30, kisha linaondoka jumla. Wateja wangu wengi hugundua pengo siku wanapotafuta hesabu za TRA (mamlaka ya mapato), na siku hizo 30 zimeshapita zamani.

Halafu, kufuta miamala ili kupata nafasi ni kazi bure. Miamala ni maandishi. Ya mwaka mzima ya duka dogo haifikii uzito wa video moja ya WhatsApp. Futa video.

Ninachowataka wateja wangu wote wafanye ni hiki: kila mwisho wa mwezi, toa mahesabu kwenye programu kama faili la CSV (jedwali lililoandikwa kwa maandishi ya kawaida), lipe jina la mwezi na mwaka, weka nakala moja kwenye flashi na nyingine ujitumie kwa barua pepe. Ni dakika tano. CSV inafunguka kwenye Excel hata kama programu yenyewe haipo tena duniani. Ndiyo maana mtu akiniuliza achague programu gani, swali langu la kwanza ni kama inatoa CSV, na kama inaitoa bila kukudai malipo ya ziada. Kama haitoi, iache, hata ingekuwa na grafu za kupendeza namna gani.

Dhana nyingine ni kwamba programu ikiwa na toleo la simu na la kompyuta, basi inasawazisha. GnuCash ni nzuri na ni ya bure, lakini ile ya Android na ile ya kompyuta hazisawazishani zenyewe. Unahamisha faili kwa mkono. Wengine huweka faili la GnuCash kwenye Google Drive na kulifungua kwenye kompyuta mbili kwa wakati mmoja. Imetengenezwa faili lifunguliwe na mtu mmoja kwa wakati, na ndiyo sababu ya lile faili la kufuli lenye mwisho wa .LCK, linaloonyesha kuwa kuna mtu ameshalifungua. Ukilipuuza onyo lake, kazi ya kompyuta moja inaweza kufuta ya nyingine. Kabla ya kuhamia programu yoyote, andika muamala wa shilingi 100 kwenye simu uone kama unatokea kwenye kompyuta. Kisha zima data, andika mwingine, washa tena, uangalie.

"Itasoma benki na M-Pesa yenyewe." Hii inatoka kwenye matangazo ya Marekani, ambako programu hupitia kampuni za kuunganisha akaunti kama Plaid. Ulaya nako sheria ya PSD2 ilianza kutumika 2018, ikazitaka benki kufungua njia hiyo. Huku kwetu usiitegemee. Hata njia ya kusoma SMS ina vikwazo: iPhone hairuhusu programu kusoma SMS zako za miamala, na Google imeibana ruhusa hiyo kwenye Android tangu 2019. Mimi hata hivyo napendelea mtu aandike kwa mkono saa ileile, kwa sababu SMS inakwambia umemlipa nani, haikwambii ulinunua nini.

"Kampuni ni kubwa, haiwezi kufunga." Mint, programu ya Marekani ya kufuatilia matumizi, ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Intuit tangu 2009, na Machi 2024 ilifungwa. Microsoft nao waliacha kuuza programu yao ya mahesabu, Money, mwaka 2009.

Na si lazima kulipia. Kwa duka moja, Google Sheets inatosha: inafunguka kwenye simu na kompyuta, na historia ya matoleo inakurudisha nyuma ukikosea. CSV ya mwisho wa mwezi iko palepale.

Yule dada tulikaa Jumamosi mbili tukikusanya SMS, taarifa za benki na risiti zilizokuwa kwenye boksi la viatu. Malipo ya benki na ya simu tumeyarudisha karibu yote. Mauzo ya fedha taslimu ya miezi minane hatukuyapata.